Siku mteja anaposema "nimechoka na dunia": jinsi ya kumwandaa mshauri nasaha

Kila ninapoanza mafunzo ya washauri nasaha nawaomba wasimame wawili wawili, watazamane usoni, kisha kila mmoja amuulize mwenzake: "Unafikiria kujiua?" Maneno mawili tu. Kicheko hupasuka ukumbini. Mmoja anatazama feni, mwingine viatu vyake, wa tatu ananyoosha mkono kuuliza kama anaweza kusema "kujidhuru" badala yake. Na hawa ni watu wenye vyeti, wengine wana miaka kumi kazini. Ikiwa neno halitoki mdomoni mbele ya mfanyakazi mwenzako, asubuhi, baada ya chai na chapati, halitatoka mbele ya mama anayelia saa kumi na moja jioni wakati mlinzi anataka kufunga geti.

Maandalizi ninayoyazungumzia hapa ndiyo hayo: mambo yanayofanywa kabla, siku za kawaida. Nimewaandikia wasimamizi wa vituo, walimu wa unasihi shuleni na washauri wa kliniki. Mifano mingi ni ya Tanzania, na ya Kenya nimeitaja pale mambo yanapotofautiana.

Hatua ya 1: Piga namba zote, wewe mwenyewe

Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi kilikuwa na karatasi nzuri ukutani, imepigwa laminesheni, yenye namba sita za dharura. Siku tuliyoihitaji, namba mbili hazikupatikana, moja ilipokelewa na mtu aliyehama kazi miaka miwili nyuma, na ya nne ilikuwa ya duka la vifaa vya umeme. Msichana amekaa kwenye benchi anatetemeka, sisi tunabishana na muuza nyaya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kumwandaa mshauri ni kumpa simu na asubuhi nzima. Apige. Aulize nani yuko zamu usiku, nani hupokea mgonjwa wa afya ya akili siku ya Jumapili, mapokezi ni mlango upi. Orodha yake iwe na hospitali ya mkoa na jina la muuguzi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na dereva wa bajaji au teksi anayeaminika. Namba 116 ni ya watoto, Tanzania na Kenya pia. Kenya kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa msaada wa kisaikolojia na 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Polisi ni 112. Hospitali kubwa kama Mirembe kule Dodoma, Muhimbili, Kidongo Chekundu Unguja au Mathari jijini Nairobi ziwemo kwenye orodha, ila mtu aliyeko Kyela au Lodwar hamfikishi mteja Mirembe wala Mathari jioni hii. Anayehitajika ni yule wa karibu.

Ongeza kitu ambacho miongozo mingi inasahau, yaani bahasha ya nauli. Weka kwenye droo pesa ya kutosha bajaji kwenda hospitali na kurudi, na daftari la kusaini. Nimeshaona rufaa ikikwama kwa sababu ya shilingi elfu sita.

Hatua ya 2: Chumba, mlango na faili la bluu

Kiti cha mshauri kiwe karibu na mlango, lakini kisimzibie mteja njia. Kusiwe na mkasi juu ya meza, wala chupa ya kioo. Mezani kuwe na maji ya kunywa na kitambaa au tishu.

Kisha kubalianeni neno la siri la kuomba msaada bila kumtisha mteja. Sisi tulitumia "faili la bluu". Mshauri anapompigia karani wa mapokezi na kusema, "Naomba niletewe faili la bluu," karani anajua: aache anachofanya, amwite msimamizi, asimruhusu mtu mwingine kuingia, na mlinzi asogee karibu na korido bila kuingia chumbani. Hakuna faili la bluu popote ndani ya jengo. Mlinzi na karani wanapaswa kuwemo kwenye mafunzo, kwa sababu mara nyingi ndio wanaomwona mteja kwanza. Karani anayesema kwa sauti mbele ya foleni, "Wewe ndiye yule uliyetaka kujiua?" anaweza kubomoa kazi ya miezi sita.

Hatua ya 3: Sema mipaka ya siri siku ya kwanza

Usingoje dharura itokee ndipo umwambie mteja kuwa kuna mambo huwezi kuyanyamazia. Siku ya kwanza kabisa, baada ya salamu na kujitambulisha, sema hivi au kwa maneno yako: "Unayoniambia yanabaki hapa. Isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini, au ya mtu mwingine, au mtoto anaumizwa. Hapo nitamhusisha mtu wa kutusaidia, na nitakuambia wewe kwanza kabla sijampigia." Sehemu ile ya mwisho ndiyo inayojenga imani.

Kuhusu watoto mshauri hana hiari. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kuhusu kujaribu kujiua, mshauri ajue pia sheria inasemaje mahali alipo, kwa kuwa wateja wanajua na ndiyo maana wanaficha. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na katiba. Tanzania kifungu cha 217 bado kinaliita kosa. Mteja akikuuliza, "Utanipeleka polisi?" jibu lako liwe limeshaandaliwa: tunakwenda hospitali, na nitakuwa nawe.

Hatua ya 4: Sikia kinachosemwa kwa mafumbo

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapotea.

Ni nadra Mswahili kukuambia moja kwa moja, "Nataka kujiua." Atasema: nimechoka na dunia. Bora nipumzike. Sina faida tena. Nimekuwa mzigo kwa watu. Natamani nilale nisiamke. Dunia yenu nawaachieni. Au atasema kitu ambacho masikioni mwa mgeni kinaonekana cha kawaida kabisa: "Wanangu mtaniangalizia."

Tabu ni kwamba maneno hayohayo husemwa kila siku bila hatari yoyote. Bibi wa miaka themanini anayesema "Mungu anichukue tu" huku anachambua mchele anaweza kuwa anaumwa magoti, basi. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko. Mtu ambaye hakuwa anasema hivyo, sasa anasema. Mtu aliyekuwa na madeni anazunguka kuyalipa yote ndani ya wiki moja, anarudisha vyombo vya watu, anagawa nguo. Anawafuata aliokosana nao kuomba radhi, na si mwezi wa Ramadhani wala haendi safari. Kuna pia ule utulivu wa ghafla: mtu aliyelia wiki tatu anakuja leo amependeza, anatabasamu, anakushukuru kwa yote uliyomfanyia. Mshauri mchanga anafurahi na kuandika "anaendelea vizuri". Pengine ni kweli. Pengine ameshaamua, na mzigo wa kuamua umemtoka. Uliza.

Ukisikia maneno hayo, yapo majibu ambayo mdomo wetu umeyazoea, na kazi ya mafunzo ni kuyang'oa: "Usiseme hivyo!" "Hiyo ni dhambi." "Mwanaume hujikaza." "Mbona wapo wenye shida kuliko wewe." Kila moja linamfundisha mteja kwamba hapa pia hapasemeki. Imani yake si adui yako. Akisema anamwogopa Mungu, hiyo ni nguzo, iandike. Ila aitaje yeye. Usimchape nayo.

Tuna neno ambalo lugha nyingine zinalionea wivu: pole. Sema "Pole. Pole sana." Halafu nyamaza. Nawafundisha washauri wahesabu kimoyomoyo mpaka saba kabla ya kuongeza neno lolote. Saba ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu sasa hivi. Mara nyingi kwenye tano mteja anasema lile alilokuja kulisema.

Hatua ya 5: Uliza waziwazi, hata kama ni mzee wako

Hofu kuu ya washauri ni kwamba ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utakuwa umempa wazo. Suala hili limechunguzwa mara nyingi, na kuuliza hakujaonekana kuongeza hatari. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza. Wazo alikuwa nalo kabla hajavuka barabara kuja kwako.

Usiulize kwa kumwelekeza jibu. "Lakini huna mawazo ya kujiua, eti?" ni ombi kwamba akuambie hapana, naye kwa adabu atakuambia hapana. Ngazi ya maswali iwe hivi, na mshauri aisome kwa sauti mpaka iwe yake:

1. Umewahi kutamani ulale usiamke tena?
2. Umefikiria kujiua?
3. Umeshafikiria utafanyaje?
4. Hicho kitu unacho? Kiko wapi sasa hivi?
5. Umepanga lini?
6. Umewahi kujaribu? Mara ya mwisho lini?
7. Nini kimekuzuia mpaka leo?

La saba usiliruke. Majibu yake ndiyo utakayoyajengea mpango baadaye.

Heshima ya umri isikufunge mdomo. Mshauri wa miaka ishirini na sita mbele ya mzee wa miaka sitini na tano aliyefiwa na mkewe hawezi kurusha swali la pili kama anamuuliza rika lake. Lakini pia hawezi kuliacha. Njia ipo. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya kumsikiliza: "Baba, naomba radhi. Mimi ni mtoto kwako, lakini kazi yangu inanidai niulize. Kwa uzito huu ulionieleza, umefikia kuwaza kujiua?" Nimeona wazee wakishusha pumzi, wakivua kofia, na kusema, "Mwanangu, ndiyo."

Neno moja dogo kuhusu lugha: tusiseme mtu "alifanikiwa" kujiua, au jaribio "lilishindwa". Hakuna mafanikio pale.

Hatua ya 6: Amua, na usimwache peke yake

Akiwa na wazo bila mpango, unaandaa naye mpango wa usalama na kukutana naye ndani ya siku chache. Akiwa na mpango, kitu cha kutumia na siku, hiyo ni dharura ya leo. Alikwishajaribu siku za karibuni, mchukulie hivyohivyo hata kama leo anasema yuko sawa.

Katika dharura ya leo hakuna kumwacha peke yake, hata kwenda chooni. Mtu wa jinsia yake amsindikize na asubiri mlangoni. Mwombe akuchagulie ndugu wa kumpigia, kwa sababu ndugu unayemchagua wewe anaweza kuwa ndiye chanzo. Piga hospitali kabla hujaondoka. Panda naye bajaji. Mkabidhi kwa mtu mwenye jina, subiri mpaka apokelewe. Barua ya rufaa peke yake haijawahi kumfikisha mtu popote.

Ikiwa ameshakunywa kitu, mambo ni mengine: hospitali mara moja, na chupa au pakiti aliyotumia mwende nayo. Asitapishwe, asinyweshwe maziwa. Na asirudishwe nyumbani kwa kuwa anaonekana mzima. Yapo madhara yanayojificha siku nzima au zaidi, kisha ini linaharibika.

Hatua ya 7: Mpango wa usalama, kwa mwandiko wake

Zamani tulikuwa tukimsainisha mteja ahadi kwamba hatajiua. Acheni. Karatasi ile ilimtuliza mshauri tu. Kinachotumika sasa ni mpango wa usalama uliotengenezwa na Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani, nao unaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: dalili zangu kwamba hali inaanza kuwa mbaya; ninachoweza kufanya mwenyewe; watu na mahali pa kunitoa mawazoni; watu ninaoweza kuwaambia ukweli; wataalamu na namba zao; na jinsi ya kufanya nyumba iwe salama.

Aandike mteja mwenyewe, kwa maneno yake. Mama mmoja aliandika kwenye mstari wa pili: "Naenda kusuka mkeka barazani kwa shoga yangu hata kama hatuongei." Hilo lina thamani kuliko "kufanya mazoezi ya kupumua" lililonakiliwa kutoka kwenye kitini. Asiyejua kusoma achore, au arekodi sauti kwenye simu.

Mstari wa mwisho, wa kufanya nyumba salama, washauri wengi huupitia haraka, nao pengine ndio unaookoa zaidi. Dakika za hatari kubwa mara nyingi ni chache. Kitu kikiwa mbali, dakika zinapita. Sri Lanka ilianza kupiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali, na kati ya 1995 na 2015 vifo vya kujiua nchini humo vilishuka kwa takriban asilimia 70. Kwetu, kwa mkulima wa nyanya au pamba, swali ni la kawaida kabisa: dawa ya shambani inakaa wapi? Ihamie kwa jirani, kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo akae nao mtu aliyekubaliwa na mteja. Vidonge vilivyojaa kabatini virudishwe kituoni, abaki na vya wiki. Kubalianeni nani atafanya kazi hiyo leo kabla ya magharibi, mpigie akiwa hapohapo.

Hatua ya 8: Dharura nyingine zinazobisha hodi

Aliyebakwa: saa inahesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, zinywewe siku 28. Kinga ya dharura ya mimba hufanya kazi ndani ya siku tano, na ni bora zaidi mapema. Asioge kama anaweza kuvumilia, nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, ina kazi yake mahakamani, lakini usimwache mtu akizungushwa kuitafuta huku saa zinaisha. Kituo cha Mkono kwa Mkono kikiwepo karibu, mpeleke huko, huduma zote ziko chini ya paa moja. Na usimlazimishe asimulie. Ataulizwa na daktari, ataulizwa na polisi. Wewe usiwe wa tatu.

Aliyeshikwa na hofu, moyo unamwenda mbio, anasema anakufa: kaa naye, miguu yake ikanyage sakafu, pumua polepole naye aige. Ikiwa ni mara ya kwanza, au ana maumivu ya kifua, apimwe hospitali kabla hujamwambia ni hofu tu.

Anayepandisha hasira: punguza sauti yako, usimguse, usisimame juu yake, omba faili la bluu. Ukiona huwezi, toka. Mshauri aliyepasuliwa kichwa hamsaidii mtu.

Hatua ya 9: Igizeni mpaka ichoshe

Watu watatu: mteja, mshauri, mtazamaji mwenye saa na karatasi. Dakika kumi na mbili. Mtazamaji anaandika mambo manne tu: neno "kujiua" lilitamkwa dakika ya ngapi, mshauri alikatiza mara ngapi, alitoa mawaidha mara ngapi, na nani alipigiwa simu. Mara ya kwanza neno hutamkwa dakika ya tisa, au halitamkwi. Kwenye zoezi la nne linafika dakika ya nne.

Msimpe igizo la msiba mshauri aliyefiwa mwezi huu. Na mwishoni "mteja" avuliwe nafasi yake kwa sauti, aitwe jina lake halisi, anywe maji. Linaonekana jambo la kitoto, ila nimeona watu wakienda nyumbani na huzuni ya kuigiza.

Hatua ya 10: Kesho yake

Mpigie mteja ndani ya saa 24. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2008, wa nchi tano zikiwemo India, Brazil na Iran, uliwafuatilia watu waliopelekwa hospitali kwa kujaribu kujiua. Waliopewa mazungumzo mafupi kisha wakapigiwa simu au kutembelewa kwa miezi 18, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2, waliopata huduma ya kawaida tu, asilimia 2.2. Vocha ya simu haijawahi kuwa na thamani kiasi hicho. Kama simu inashikwa na mume, kubalianeni mapema utajitambulisha nani: "fundi cherehani, kuulizia kile kitambaa" imenisaidia zaidi ya mara moja.

Siku hiyohiyo andika kumbukumbu: alisema nini kwa maneno yake, uliuliza nini, uliamua nini na kwa nini, ulimpigia nani saa ngapi. Kisha keti na msimamizi wako nusu saa, ukitaka kusema useme, ukitaka kunyamaza unyamaze.

Na msimamizi aandike leo, kabla halijatokea, nini kitafanyika mteja akifariki. Nani atamwambia mshauri, na si kwa ujumbe wa WhatsApp. Nani ataipigia familia, na kama familia inakubali mshauri aende msibani. Nani atachukua wateja wake wa wiki hiyo. Nani atampeleka nyumbani jioni ile ya kwanza.